Kioo cha Mbele

Mwanamisi aliambiwa kwamba ng'ombe wake ni kioo cha mbele cha gari wakati ameinama zizini anazoa samadi. Kikapu kimoja kilikuwa kimejaa, cha pili kilikuwa nusu. Alidhani mumewe anatania, maana Mbaraka alikuwa mtu wa utani hata msibani, na tangu alfajiri alikuwa anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga.

"Kioo?" aliuliza bila kuinuka.

"Kioo cha mbele, Mama Amina. Vingine vyote tumekwisha maliza. Kimebaki kioo tu."

Hapo Mwanamisi aliinuka. Nyuma yake Mawingu, ng'ombe wa kijivu mwenye mimba kubwa, alikuwa anatafuna majani aliyokatiwa jana jioni, na ndiye peke yake aliyebaki katika zizi lililojengwa kwa ajili ya ng'ombe tisa.

Asije mtu akadhani Mbaraka alikuwa amerukwa na akili. Hiyo ndiyo hesabu aliyoishi nayo tangu mwaka wa sabini na mbili, msimu ule nyanya zao zilipooza kando ya barabara ya Soni. Walizipandisha kwa kichwa kutoka bondeni, yeye, mkewe na binti yao Amina, wakazipanga kwenye matenga, wakangoja lori. Mwenye lori alisimama, akapakia matenga ya watu aliowapenda, akamwambia Mbaraka, "Wewe kesho." Kesho yake akasema kesho. Siku ya tatu nyanya zilikuwa zinatiririka maji, na yule bwana akapita akipiga honi. Mbaraka aliapa pale pale barabarani, watu wakimsikia, kwamba atanunua gari, tena jipya, kwa kuwa gari bovu ni mgonjwa asiyepona wala asiyekufa. Kuendesha alikuwa anajua. Alijifunza alipokuwa kijana katika mashamba ya mkonge ya Korogwe.

Akaenda Tanga, akaonyeshwa pikapu ya buluu, bei elfu ishirini na mbili. Akatoa akiba yote ya kabichi na karoti kuwa malipo ya kwanza, na zilizobaki akaanza kuzitafuta kila msimu bondeni na kila mwaka zizini. Fahali mwekundu alipouzwa, alimwambia mkewe, "Usilie, hajaondoka, amekuwa injini." Mitamba wanne wakawa magurudumu. Majike wawili wakongwe wakawa bodi. Ndama dume akawa usukani, na siku ile Mwanamisi alicheka mpaka akashika mbavu, kwa jinsi ndama mwenyewe alivyokuwa mkaidi. Gari hata yeye alilitaka. Shingo iliyokuwa inabeba matenga ilikuwa yake.

Lakini Mawingu hakuwamo katika hesabu hiyo. Mawingu alikuwa mkaja wa Mwanamisi, aliyeletwa siku Amina alipoozwa Bungu, na kwa desturi ya ukoo wao ng'ombe wa namna hiyo ni wa mama peke yake, na ndama wake wa kwanza huenda kwa mjukuu. Mjukuu alikuwa amekwisha zaliwa, na ndama alikuwa tumboni.

"Juzi ulipokwenda Tanga ulisema unakwenda kulichukua," alisema Mwanamisi.

"Bei imepanda."

"Tena?"

"Tena," alisema Mbaraka, na safari hii utani ulikuwa umemwisha. "Wamenipa mpaka Jumamosi."

Mwanamisi alimtazama, akatazama mikono yake iliyojaa samadi, akakosa pa kuifutia.

Kule Tanga mambo yalikuwa hivi. Mbaraka alifika katika ofisi ya magari na kanzu yake safi, fedha zimefungwa kiunoni kwa kitambaa, na harufu ya zizi ambayo yeye mwenyewe alikuwa haisikii tena. Karani alikuwa kijana aitwaye Timotheo, umri wa kumzaa kabisa. Mbaraka alisimama mbele ya meza akingoja shikamoo. Aliingoja muda mrefu. Timotheo aliinuka, akafungua dirisha, akarudi kukaa, na mwishowe Mbaraka, kwa aibu ya kusimama kama mlingoti, akasema yeye, "Habari za kazi, bwana."

"Nzuri. Wewe ndiye mzee wa Lushoto? Gari lako limefika."

Mbaraka alikaa bila kukaribishwa. Miaka mitatu alikuwa amelingoja neno hilo.

"Alhamdulillahi. Nimeleta zilizobaki. Mlisema thelathini na tatu, na zote ziko hapa, na zile mlizonazo."

"Thelathini na tatu ilikuwa mwaka jana, mzee. Sasa ni thelathini na tano."

"Elfu?"

"Elfu."

Mbaraka alianza kufungua kile kitambaa, kisha akakifunga tena. "Kijana wangu," alisema, "mara ya kwanza mliniambia ishirini na mbili. Nikaenda kutafuta. Nikarudi, mkasema ishirini na saba. Nikaenda kutafuta. Nikarudi, mkasema thelathini na tatu. Gari lenyewe halijawashwa, na limekwisha nipita mara tatu. Lingewashwa ingekuwaje?"

Watu waliokaa kwenye benchi walicheka. Timotheo naye alicheka, maana hakuwa kijana mbaya. Alikuwa tu amezoea kuulizwa swali hilo na hakuna aliyemzoesha kulijibu kwa huruma.

"Mzee, si sisi. Waarabu wamepandisha mafuta. Mafuta yakipanda, kiwanda kinachoyeyusha chuma kinapandisha, anayetengeneza matairi anapandisha, meli inapandisha. Ushuru wa serikali nao umepanda, taifa linataka matrekta, halitaki magari ya starehe."

"Mimi nabeba kabichi."

"Ushuru hauulizi umebeba nini. Halafu tena hili siyo lile uliloliona. Lile limekwisha, hawalitengenezi tena. Hili ni la mtindo mpya. Lina breki bora. Lina mikanda ya kujifungia. Lina mashine ya kupasha joto miguuni."

"Miguuni mwa nani?"

"Mwa dereva. Kwao waliolitengeneza kuna baridi."

"Hata kwetu kuna baridi, na miguu yangu haijalalamika. Niondolee hiyo mashine. Niondolee na mikanda, sitaki kufungwa kama mbuzi anayepelekwa karamuni. Toa vyote nisivyovitaka, unipunguzie hapo."

"Haviondolewi. Ukinunua gari umevinunua."

Benchi zima sasa lilikuwa linasikiliza. Mbaraka aliona wanavyomwangalia na akatamani kuondoka, lakini kulikuwa na swali alilolihifadhi tangu mwaka uliotangulia, akalitoa.

"Na fedha zangu? Zimekaa hapa kwenu miaka mitatu."

"Zipo zote. Haijapotea hata senti."

"Hazikuongezeka?"

"Fedha si ng'ombe, mzee," alisema Timotheo, na benchi likaangua kicheko. Kisha kijana akaona uso wa yule mtu, akashusha sauti. "Sikiliza. Kuna shirika moja linalitaka gari hili. Nimelishikilia kwa ajili yako mpaka Jumamosi, wakubwa wangu hawajui. Ukishindwa, utarudishiwa fedha zako kama zilivyo, na ukipenda utaanza upya kwa bei itakayokuwapo."

"Itakuwa ngapi?"

"Sijui. Ila tangu nianze kazi hapa sijaiona ikishuka."

Jioni hiyo walikula ugali wa unga wa njano, ule wa msaada, ambao nchi nzima iliula huku inausema. Mboga ilikuwa kabichi. Mwanamisi aliileta ikiwa nzima kwenye sahani, akaiweka mbele ya mumewe kabla hajaikata.

"Itazame."

"Naiona."

"Ni kubwa kama nini?"

Ilikuwa kubwa kama ngumi ya mtoto. Zamani, zizi lilipokuwa limejaa, kabichi moja ya bondeni kwao ilikuwa mzigo wa mtu kupakata, na wanunuzi wa Tanga walikuwa wanaitambua bila kuuliza imetoka kwa nani. Udongo wa bondeni hauzai kwa kupendwa. Unataka samadi, na kila ng'ombe aliyetoka zizini aliondoka na vikapu vyake. Jambo hilo linajulikana na kila mtoto wa Usambara, na Mbaraka alilijua kuliko watoto wote, lakini mtu akiwa anatazama mbele sana hujikwaa kwenye kizingiti chake mwenyewe.

"Mawingu akiondoka," alisema Mwanamisi, "hizi nazo zitakula nini?"

"Gari likija, samadi itatoka popote. Nitaifuata hata Rangwi. Gunia kumi kwa safari moja, wewe na kikapu chako mtapumzika."

"Na ndama wa mjukuu wako?"

"Nitamnunulia mwingine."

"Kwa fedha ya kabichi hizi?"

Mbaraka alisukuma sahani. "Basi tuseme nini, Mama Amina? Tuseme nimeshindwa? Nirudi Tanga niwaambie nipeni fedha zangu? Watanipa. Nimekwisha pita kwa Rubeni kuuliza. Ng'ombe nao wamepanda. Mtamba tuliyemuuzia mwaka juzi, leo anauza kwa bei mara mbili. Ile fedha ya injini hainunui hata miguu ya nyuma ya fahali. Gari limepanda, ng'ombe wamepanda, sukari imepanda. Kilichokaa pale pale ni fedha zangu tu, mezani kwa yule kijana."

"Ulikwenda kwa Rubeni kabla hujaniambia mimi?"

Hilo lilimchoma Mwanamisi kuliko bei zote. Rubeni alikuwa jirani yao wa kilima cha pili, Mlutheri, mtu mpole na mwenye mkono mgumu, na ndiye aliyenunua ng'ombe wao wanane kati ya wanane. Kama Mbaraka alifika kwake kuuliza bei, basi kilima chote cha pili kilijua kwamba Mawingu anauzwa, na mwenye Mawingu hakujua.

"Nilikwenda kuuliza tu."

"Na yeye akakuuliza nini?"

Mbaraka aliinamisha kichwa. "Aliuliza mimba ina miezi mingapi."

Usiku huo Mwanamisi hakulala vizuri. Alimchukia mumewe, na alipochoka kumchukia akamhurumia, na hilo la pili lilikuwa zito zaidi. Angekuwa mlevi, angejua la kufanya. Angekuwa na mke mwingine mahali, angekwenda kwa wazee. Lakini mtu huyu hakuwa amekula hata senti moja. Alikuwa amevaa kanzu moja miaka mitatu na kunywa chai bila sukari. Ng'ombe wanane walikuwa wamekwisha ingia katika gari lile. Akimnyima wa tisa, wale wanane wangekuwa wamekufa bure, na akimtoa, zizi lingekuwa tupu. Aligeuza jambo hilo upande huu na upande ule mpaka majogoo wakawika, na kila upande ulikuwa na mwiba.

Asubuhi alimkuta Mbaraka amekaa kwenye kizingiti, redio yao iko magotini, anaifuta vumbi ili akaiuze kwa mwenye duka.

"Mpeleke," alisema.

Mbaraka aliinua uso.

"Mpeleke Mawingu. Lakini sitaki kusikia tena neno kioo. Ana jina."

Mbaraka hakwenda peke yake hata hivyo. Mawingu aligoma kutoka. Mbaraka alimvuta kamba, akamsukuma, akambembeleza, akamtukana kidogo. Ng'ombe alipanda miguu yake mlangoni na kukataa. Tangu alipoletwa kutoka Bungu alikuwa hajatoka zizini ila kwa mkono wa mtu mmoja. Mwishowe Mwanamisi alivua kanga ya juu, akajifunga kiunoni, akapokea kamba, akatangulia, na Mawingu akamfuata kama kwamba wanakwenda mtoni.

Njia ya kwa Rubeni hushuka bondeni kwanza, ikapita katikati ya matuta yao ya kabichi, kisha hupanda. Wanawake waliokuwa wanapalilia waliinuka. "Onga mshi, Mama Amina," walimsalimu, na yeye akaitikia, "Niwedi," akapita haraka, asije akaulizwa anakwenda wapi na ng'ombe mwenye mimba juani. Hakuna aliyemuuliza. Walikuwa wanajua.

Rubeni aliwapokea vizuri. Alimpa Mbaraka kiti na mkewe Yudith akamletea Mwanamisi maziwa kwenye kikombe cha bati, ya moto, yenye utando. Mwanamisi aliyanywa kwa kuwa kukataa kungekuwa kiburi, na alijua yametoka kwa mtamba aliyekuwa gurudumu. Rubeni alimzunguka Mawingu, akambonyeza tumbo, akamfungua mdomo, akataja bei. Ilikuwa chini ya ile aliyoitaja juzi.

"Bwana Rubeni," alisema Mbaraka, "juzi ulisema elfu moja na mia sita."

"Juzi hukuwa na haraka, jirani. Na mimi leo sina haja kubwa, nimejaza zizi." Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Lakini tusivunjiane heshima. Mia tano juu ya elfu, na kamba ibaki."

"Kamba haibaki," alisema Mwanamisi.

Wanaume wote wawili walimgeukia. Alikuwa hajanena neno tangu afike.

"Kamba niliisokota mimi. Haimo katika bei."

Rubeni aliona haya, akamtuma mtu kuleta kamba nyingine. Mwanamisi alifungua ile yake, akaikunja begani, na Mawingu alipotaka kumfuata mlangoni alimpiga kofi la puani, kofi halisi, ili abaki.

Fedha zililipwa Ijumaa, na gari likafika Jumatatu. Pengo lililobaki baada ya ng'ombe lilizibwa na redio na baiskeli, na Mbaraka akarudi kutoka Tanga akiliendesha mwenyewe, polepole, kona kwa kona, akipiga honi mpaka kwenye kona zisizo na mtu. Lilikuwa la buluu kama lile la kwanza. Watu walitoka kilima hiki na kile. Wazee waliligusa ubavuni kwa kiganja kama wanavyogusa ng'ombe mnene. Balozi wa nyumba kumi naye alikuja, akalizunguka kimya, kisha akasema kwamba anatumaini gari halitamfanya ndugu Mbaraka kuwa kupe mnyonya damu ya wenzake. Mbaraka akajibu, "Balozi, damu gani nitakayonyonya? Nimetoa yangu yote kulinunua," na watu wakacheka, na balozi akacheka baadaye kidogo.

Mwanamisi alicheka pia. Ni uongo kusema hakufurahi. Alipandishwa mbele, akafungwa ule mkanda wa mbuzi, akapelekwa mpaka Soni na kurudishwa, na ile mashine ikampasha joto miguuni. Ilikuwa nzuri. Pale pa kuwekea redio palikuwa na tundu tupu, na Mbaraka alipaziba kwa kitambaa.

Jioni mawingu ya mvua yalikusanyika, na swali likawa gari litalala wapi. Nyumba nzima ilikuwa na paa moja tu kubwa lisilo na mtu chini yake. Mbaraka na vijana wa jirani walibomoa ukuta mmoja wa zizi, wakang'oa mti wa kufungia ng'ombe, na yeye akaliingiza kinyumenyume, uso ukitazama nje, kule bondeni na kilima cha pili. Lilienea sawasawa. Mtu mmoja akasema utadhani zizi lilijengwa kwa kipimo chake.

Wiki zilizofuata Mbaraka alitafuta samadi. Ahadi aliikumbuka, tusimdhulumu kwa hilo. Alikwenda Rangwi na magunia matupu nyuma, akabisha hodi katika nyumba yenye ng'ombe, akasema ananunua mavi. Mzee wa nyumba hiyo, Mkatoliki mwenye ndevu nyeupe, alimwangalia, akaliangalia gari, akaita wanawe waje wasikie.

"Unanunua nini?"

"Samadi, mzee. Nitalipa."

"Wewe si mtu wa huku milimani?"

"Ni mtu wa huku."

"Basi kwenu mnauza samadi? Sisi anayekata majani ndiye mwenye samadi. Nikikuuzia hii, nilime kwa nini, kwa fedha yako?" Wanawe walicheka, lakini mzee hakucheka. Alimuuliza Mbaraka ng'ombe wake mwenyewe wamepatwa na nini, kama ni ugonjwa, apewe pole. Mbaraka alijibu kwamba ndiyo, ni ugonjwa. Akapewa pole na gunia moja la bure, kwa huruma, na petroli ya kwenda na kurudi ingenunua magunia mengi, kama yangekuwapo ya kununua. Petroli nayo ilikuwa inapanda kila alipoiendea.

Msimu ulipofika, kabichi zilizotoka bondeni hazikujaza hata robo ya nyuma ya pikapu. Mbaraka alifikiri kubeba za majirani, na alibeba, mara mbili. Majirani walizoea bei ya lori la zamani. Alipowatajia bei inayolipa petroli walimwita jina lile lile walilokuwa wanamwita mwenye lori, na mmoja alimwambia, "Wewe kesho," akaondoka. Gari likawa linakaa. Kila asubuhi Mbaraka aliliwasha kidogo, alisikilize, kisha akalizima kuokoa mafuta.

Tangu siku ya kamba Mwanamisi alikuwa amesema machache, na Mbaraka alikuwa anaogopa uchache huo. Amina alikuwa amekuja kutoka Bungu na mtoto mgongoni, akaona gari zizini, akaelewa, akambusu mama yake mikono, akarudi kwa mumewe bila kuuliza habari za ndama.

Asubuhi moja ya ukungu Mwanamisi aliamka mapema, akachukua kikapu na jembe dogo, akaingia zizini. Miaka thelathini ya mazoea haifi kwa siku moja. Mara nyingi miguu yake ilimpeleka pale kabla akili haijaamka, na kila mara alirudi. Siku hiyo hakurudi. Alisimama kando ya gari, akainama, akachungulia chini yake, mahali ambapo Mawingu alikuwa analala. Pale palikuwa na doa jeusi la mafuta, dogo kama sahani ya chai, limelowanisha udongo.

Aliingiza jembe, akalichota doa lote na udongo wake, akalitia kikapuni, akakibeba kikapu kichwani kama alivyobeba vyote maishani mwake. Mbaraka alikuwa kizingitini na bakuli la uji. Mwanamisi alikitua kikapu mbele yake taratibu.

"Baba Amina, ndiyo samadi yake hiyo. Ya tangu lije."

Mbaraka alichungulia ndani. Mwanamisi akaingia nyumbani, akatoka na mundu na ile kamba aliyoisokota mwenyewe.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Rubeni. Nimeongea na Yudith. Nitakata majani ya ng'ombe wao, na samadi ya Mawingu nitachukua mimi."

"Ukate majani kwa Rubeni? Mke wangu mimi?"

"Anayekata majani ndiye mwenye samadi," alisema Mwanamisi bila ukali. "Kunywa uji, unapoa."

Akashuka. Mbaraka alikaa na bakuli mpaka uji ukaganda. Kisha aliinuka, akaingia zizini, akafungua mlango wa gari, akakaa nyuma ya usukani bila kuliwasha. Ukungu ulikuwa umefanya jasho juu ya kioo cha mbele. Alikifuta kwa mkono wa kanzu, polepole, kutoka pembe mpaka pembe. Bondeni, mkewe alikuwa amekwisha vuka matuta, anapanda kilima cha pili na kamba begani. Kioo kilikuwa kipya, hakina hata mkwaruzo. Alimwona vizuri mpaka alipoingia kwa Rubeni.